Kupotea kwa volti: kwa nini starta ya boti leo inaitika, kesho inagoma

Kupotea kwa volti ni tofauti kati ya volti zilizopo kwenye betri na zile zinazofika kwenye kifaa wakati kifaa kinavuta umeme. Waya usiopitisha mkondo haupotezi kitu, hata ukiwa umeliwa na kutu. Ndiyo maana fundi hupima swichi ya funguo, multimita (kipima umeme) ikasoma volti 12.6, akasema umeme ni mzima. Akibonyeza kitufe cha kuwashia, inasikika "ta!" moja, kisha kimya.

Hesabu ya volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani (kiasi ambacho waya au kiungo kinazuia umeme). Tuseme kiungo chenye kutu ya kijani kina omu 0.1. Multimita peke yake huvuta mkondo mdogo mno, haioni kasoro. Solenoidi ya starta (swichi ya sumaku inayoiunganisha starta na betri) ikivuta ampea 30, volti 3 zinaishia hapohapo.

Boti za matanga zinaugua hivi kwa sababu ya njia ya waya. Kwenye dizeli nyingi, zikiwemo injini za Yanmar za mfululizo wa GM, umeme wa kuwashia huanzia kwenye starta, hupanda hadi paneli kupitia plagi ya pini nyingi, hupita kwenye funguo na kitufe, kisha hurudi chini kwa plagi ileile. Ni mita kadhaa za waya mwembamba, na plagi yenyewe inakaa kwenye joto, mtikisiko na unyevu wa chumvi. Pini zikigusana vizuri, inaitika. Injini ikipata moto, ukinzani unapanda, inagoma.

Kabla ya kupima, toa gia, vuta kebo ya kuzimia, na funga koki ya maji ya bahari. Starta ikizungushwa mara nyingi bila injini kuwaka, maji hujaa kwenye sailensa na kurudi hadi kwenye silinda, na hasara hiyo inazidi ya waya mara mia. Injini ikiwa ya petroli, endesha kwanza feni ya kutoa mvuke.

Weka ncha nyekundu ya multimita kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye kichwa kidogo cha solenoidi, pale unapofika waya wa kitufe. Itasoma volti zote za betri, usishtuke. Mwenzako akibonyeza kitufe, kinachobaki kwenye kioo ndicho kinachopotea. Chini ya volti 1 inavumilika. Ikiwa 2 au 3, rudisha ncha nyeusi nyuma hatua kwa hatua: kitufe, funguo, plagi, ukibonyeza kila mara. Pale namba inaposhuka ghafla, umepita ubovu. Kwa kuwa hitilafu huja na kwenda, funga ncha kwa klipu na urudie hadi igome. Kipimo kizuri cha wakati inapoitika hakithibitishi kwamba waya ni mzima.

Upande wa hasi husahaulika sana. Pima kutoka bloku ya injini hadi hasi ya betri starta ikizunguka: isizidi volti 0.5.

Kiungo kibovu kikatwe, kibanwe upya kwa waya wa shaba uliopakwa bati. Wengi hukimbilia kufunga rilei (swichi inayoendeshwa na mkondo mdogo) karibu na starta, na kweli inasaidia, maana paneli hubaki na mkondo mdogo sana. Lakini plagi iliyooza bado inabeba umeme wa geji na alama ya chaji, kwa hiyo itengenezwe yenyewe kwanza.