Pareidolia: uso wa Mirihi na mengine tunayoyaona yasiyokuwepo

Pareidolia ni hali ya ubongo kuona kitu unachokifahamu, hasa uso, mahali ambapo hakipo. Wingu linageuka ng'ombe, soketi ya umeme inageuka mtu aliyeshtuka. Kila mwenye macho hupatwa nayo. Hapa duniani haina madhara makubwa, maana unasogea ukatazama vizuri. Shida huanza kitu kikiwa kwenye sayari nyingine, ambako kusogea kunaweza kuchukua miaka ishirini na ushee.

Ndivyo ilivyokuwa kwa "uso wa Mirihi". Tarehe 25 Julai 1976 chombo cha Marekani, Viking 1, kilipiga picha eneo la Cydonia. Kwenye picha mojawapo palikuwa na jicho, pua na mdomo, upande mmoja ukiwa gizani. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, waliitoa siku chache baadaye, wakieleza kuwa ni vivuli tu. Watu wakaichukua picha, maelezo wakayaacha. Punde ikawa sanamu iliyochongwa, na vilima vya jirani vikaitwa piramidi.

Hebu itazame picha yenyewe. Jua lilikuwa limeinama, kila bonde likajaa kivuli. Nukta moja ya picha (pikseli) ilibeba zaidi ya mita 40 za ardhi, kwa hiyo nyumba nzima ingemezwa na nukta moja isionekane. Halafu kuna nukta nyeusi zilizotapakaa: hizo ni data zilizopotea picha ikitumwa duniani, na moja iliangukia pale pale panapofaa tundu la pua. Tundu la pua la jitu la Mirihi, kumbe ni hitilafu ya mawasiliano! Chombo kingine cha Marekani, Mars Global Surveyor, kilipiga picha eneo hilo upya mwaka 1998, kisha 2001, safari hii nukta moja ikiwa mita 1.56. Kilichobaki ni kilima cha mwamba kilicholiwa na mmomonyoko, karibu kilomita 3 kutoka ncha hadi ncha.

Kwangu mimi, kipimo kizuri kuliko vyote ndicho hicho. Kitu kilichojengwa, ukikikaribia, kinazidi kuonyesha ujenzi wake: pembe, maungio, kuta. Pareidolia huyeyuka picha inapokuwa kali. Mfano mwingine: mwaka 1877 mwanaastronomia Mwitaliano, Giovanni Schiaparelli, alichora mistari ya Mirihi akaiita "canali", neno la Kiitaliano linalofaa kwa mikondo ya asili na kwa mifereji ya kuchimbwa pia. Mwanaastronomia Mmarekani, Percival Lowell, akashikilia kwamba imechimbwa na viumbe wenye akili. Chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipopita karibu na Mirihi Julai 1965 kilikuta makreta (mashimo yaliyochimbwa na vimondo), mifereji hakuna.

Ukubwa nao uulizwe mapema. "Mlango" uliopigwa picha na Curiosity, gari la NASA lililoko Mirihi, mwaka 2022 ulisambaa sana, lakini kimo chake ni sentimita 30 hivi: ufa katika mwamba.

Kutilia shaka madai haya hakumaanishi kuapa kwamba huko nje hakuna kitu. Mwishoni mwa 2021 gari la China lililoko mwezini, Yutu-2, liliona "kibanda" cha mraba kwenye upeo. Wapo waliokwisha kukijaza wakazi. Waendeshaji wakaelekeza gari huko, taratibu, na Januari wakakuta jiwe dogo tu. Walipolitazama vizuri, wakasema linafanana na sungura.