Mtoto wa Sungura Akijikuna, Usikimbilie Duka la Dawa

Kila shule zinapofunguliwa baada ya likizo, kitengo chetu cha mifugo hupokea watoto wa sungura walionunuliwa sokoni ili kumfurahisha mtoto wa nyumbani. Wiki chache baada ya kununuliwa walianza kujikuna, na hadi wafike kwetu wengine wameshapakwa oili chafu ya gari. Tunaamini hakuna afanyaye hivyo kwa nia mbaya. Lakini oili chafu si dawa, na tumelisema hili mara nyingi hadi linatuchosha. Sungura hujiramba mwili mzima kila siku. Chochote unachompaka, hesabu kuwa umemlisha.

Si kila nyoya linalodondoka ni ugonjwa. Mtoto wa sungura hubadilisha manyoya ya utoto akikaribia miezi mitano au sita, na mabaka hayo huwa na ngozi safi chini yake. Jike anayejinyonyoa kifuani huenda anaandaa kiota, hata kama muuzaji alikuhakikishia kuwa ni dume. Mimba ya sungura ni siku 31 hivi, kwa hiyo jibu litapatikana lenyewe.

Zinazotuhusu ni hali tatu. Magamba mazito ya rangi ya kahawia ndani ya masikio, sungura akitikisa kichwa, ni utitiri wa masikio. Magamba meupe kwenye pua, kingo za masikio na vidole vya miguu ni ukurutu. Mba mweupe mgongoni, ambao ukiutazama kwa makini unaona kama unatembea, ni utitiri wa manyoya. Nje ya hizo kuna mapunye: duara lisilo na nyoya, kavu, mara nyingi usoni au miguuni. Kwa macho tu hata sisi hukosea. Ndiyo maana hukwangua ngozi kidogo na kutazama kwenye hadubini kabla ya kuandika dawa. Magamba ya masikioni usiyabandue kwa kucha wala kijiti, maana chini yake kuna kidonda kibichi. Dawa ikifanya kazi yatadondoka yenyewe.

Sasa tuje kwenye ivermectin, dawa ya sindano ya kuua utitiri, ambayo ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Wananchi wanasema dawa ya dukani inaua sungura. Kinachoua ni kipimo. Chupa iliyozoeleka ni ya asilimia 1, yaani kila mililita moja ina miligramu 10 za dawa, na kwa ng'ombe mililita hiyo hutosha uzito wa kilo 50. Sungura mdogo mwenye kilo moja anahitaji mililita 0.02 hadi 0.04 chini ya ngozi. Hilo ni tone. Bomba la sindano la mililita tano haliwezi kulipima, na anayekuambia "weka kidogo tu" hajui anachosema. Sindano moja pia haitoshi, kwa sababu dawa haiui mayai ya utitiri. Hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14, mara mbili au tatu kwa jumla. Mwenye sungura akiona mnyama ametulia baada ya sindano ya kwanza haonekani tena ofisini, kisha mwezi unaofuata anakuja kulalamika kwamba ugonjwa umerudi. Haukurudi. Haukuwa umeondoka.

Dawa ya viroboto ya mbwa na paka yenye kiambata cha fipronil isimguse sungura hata tone moja. Hii ni sumu kwake, na lebo yenyewe inakataza. Amoksilini ya kunywa iliyobaki kabatini huua bakteria wazuri wa utumbo wake, akaharisha na kufa. Krimu za binadamu zilizochanganywa na steroidi ziacheni kwa binadamu. Na msimwogeshe: baridi na mshtuko vinaweza kummaliza kabla ya upele. Sungura asiyekula kwa saa 12 ni dharura, hata kama tatizo mlilonalo akilini ni la ngozi.

Ukurutu na mapunye huambukiza watu. Mtoto anayelala na sungura akianza kuwashwa mikononi au kutokwa duara kichwani, apelekwe zahanati, na mwambieni mganga kuwa nyumbani kuna sungura mgonjwa. Maranda ya kizimba yachomwe na kizimba kisafishwe siku ileile ya kila sindano, kwani utitiri wa masikio unaweza kuishi nje ya mnyama hadi wiki tatu.

Kuhusu taratibu. Anza kwa afisa mifugo wa kata yako, ambaye akiona haja atakuandikia rufaa kwa daktari wa mifugo wa halmashauri. Malipo yote hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali na utapewa stakabadhi. Usimpe mtu fedha mkononi, hata akiwa amevaa koti jeupe. Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003 inataka anayetibu wanyama awe anatambuliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, nawe una haki ya kumwomba cheti chake. Dawa yenyewe iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amwepushe na mateso, na sungura ni mnyama kama ng'ombe. Anayetiwa hatiani hukabiliwa na adhabu. Hatupendi kufika huko, na mwenye sungura anayekuja mapema hana sababu ya kutuogopa.

Iwapo familia inafikiria kumchinja baadaye, tuambieni mwanzoni, si siku ya sikukuu. Nyama ya mnyama aliyechomwa dawa ina kipindi chake cha kusubiri, na daktari atakuandikia tarehe.

Sungura aletwe kwenye boksi la katoni lenye matobo, na majani makavu ndani, bila kupakwa kitu chochote. Njoo pia na chupa ya dawa uliyokwisha kutumia, hata kama unaona aibu. Wanaoletwa kwenye mfuko wa rambo tunawapokea vilevile, ingawa mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, na tungependa kujua mnaipata wapi.