Uwiano wa difu si kipimo cha nguvu ya gari

"Weka difu kubwa, gari litaongezeka nguvu." Kauli hii haikosekani panapozungumzwa magari ya misuli ya Kimarekani, yale ya injini ya V8 (silinda nane) na giaboksi ya mkono ambayo watu hununua yakiwa yametumika na kuanza kuyatengeneza upya. Inarudiwa kwa uhakika mkubwa, na wapo wanaotoa pesa nyingi kwa kuiamini. Kisha hufuata nyingine: "Difu ya namba kubwa inakula mafuta." Zote mbili zina chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayofanya zisisahihishwe.

Maana yenyewe ni fupi. Difu ni zile gia za kwenye ekseli ya nyuma zinazopeleka mzunguko wa injini kwenye magurudumu. Uwiano wa difu ni idadi ya mizunguko ambayo propela, yaani ule mti wa chuma unaotoka giaboksi kwenda nyuma, inazunguka ili kraun izunguke mara moja, na magurudumu pamoja nayo. Kraun ni gia kubwa ya ndani ya ekseli, na pinioni ni gia ndogo ya mwisho wa propela inayoizungusha. Pinioni ya meno 11 ikizungusha kraun ya meno 41, gawa 41 kwa 11, unapata 3.73. Pinioni ya meno 15 kwa kraun ya meno 41, unapata 2.73. Namba ikiwa kubwa, injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa tairi: gari linachomoka vizuri kutoka lilikosimama, lakini mwendo wa barabara kuu unakuja na kelele za injini. Hiyo ndiyo gia fupi. Namba ndogo ni gia ndefu. Kwa hiyo "difu kubwa" ni neno la kuchanganya tangu mwanzo, maana mmoja akilisema anawaza namba na mwingine anawaza mwendo, na hivyo viwili vinakwenda kinyume.

Kuna mchanganyiko mwingine wa kuondoa kwanza. Ndani ya lile boga la ekseli ya nyuma mna kazi mbili tofauti, nasi tunaziita zote difu. Kazi ya kwanza ni ya kraun na pinioni: kugeuza mzunguko wa propela uelekee kwenye magurudumu na kuupunguza kasi. Kazi ya pili ni ya vile vigia vidogo vilivyo ndani ya kibebeo cha kraun, vinavyoruhusu gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani wakati wa kona. Hii ya pili ndiyo difu kwa maana kamili, na Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke. Anayesema amebadilisha difu huenda amebadilisha meno tu, huenda ameweka difu loki tu, yaani difu inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure, au vyote viwili. Athari zake hazifanani hata kidogo. Meno yanabadilisha mizunguko ya injini. Loki inabadilisha jinsi magurudumu yanavyoshika barabara. Gari lililofungwa Traction-Lok, difu ya namna hiyo ya Ford, na meno yaleyale ya kiwandani litachomoka vizuri zaidi kwenye lami yenye utelezi, wala uwiano haujaguswa.

Sasa tuje kwenye nguvu. Meno ya difu hayaongezi hata nguvu moja ya farasi. Ford Mustang 5.0 (V8 ya lita 5) ya mwaka 1987 ilitoka kiwandani ikitangazwa kuwa na nguvu za farasi 225, na ukiweka 3.73 mahali pa 2.73 zitabaki 225. Kinachoongezeka ni msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, unaofika kwenye tairi katika gia ileile, karibu asilimia 37, na unaulipia kwa kasi: kila gia inafika mwisho wake mapema kwa uwiano huohuo. Ndiyo maana dereva anahisi gari limekuwa jipya. Gari linachanganya haraka, mgongo unabanwa kwenye kiti, na mtu anatoka akiapa kwamba nguvu imeongezeka. Alichohisi ni cha kweli. Jina alilokipa ndilo lenye kasoro.

Kosa ninalotaka kulikalia zaidi ni la kuitaja namba ya difu peke yake, kana kwamba inajitosheleza. Zamani ilijitosheleza, na tabia hii ilitoka huko. Pontiac GTO ya mwaka 1964, ambayo wengi wanaianzishia historia ya magari ya misuli, ilikuwa gari la ukubwa wa wastani lililotiwa V8 ya inchi za ujazo 389, yaani kama lita 6.4. Giaboksi za mkono za gia nne za wakati huo zilikuwa na gia ya mwisho ya 1.00: mzunguko unaoingia ndio unaotoka. Basi ukitaja difu ulikuwa umeshataja kila kitu kuhusu mwendo wa barabara kuu. Mwenye 4.10 alijua atasafiri na injini inayopiga kelele, na mafuta yalikuwa ya bei poa.

Kisha likaja tatizo la mafuta la mwaka 1973, ukomo wa mwendo wa maili 55 kwa saa huko Marekani mwaka 1974, na sheria ya mwaka 1975 iliyowalazimisha watengenezaji kufikia wastani wa matumizi ya mafuta kuanzia magari ya mwaka 1978. Watengenezaji wakashusha namba za difu, wakaongeza pia gia ya mwisho iliyo chini ya 1.00, ile inayoitwa ovadraivu. Mustang ilipata giaboksi ya T-5 ya Borg-Warner mwaka 1983. Katika Mustang 5.0 za 1987 hadi 1993 gia zake zilikuwa 3.35 ya kwanza na 0.68 ya tano, na difu ya kawaida kwa za gia za mkono ikawa 2.73. Tangu hapo difu ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine iko kwenye giaboksi, na anayeiacha anajadili kitu ambacho hakipo.

Chukua Mustang hiyo ya 2.73 na Chevrolet Camaro Z28 ya 1998, yenye giaboksi ya T-56 ya gia sita na difu ya 3.42. Kwa mazoea ya kutaja difu tu, Camaro ndiyo yenye gia fupi na ndiyo itakayokula mafuta safarini. Zidisha uone. Gia ya kwanza ya Mustang ni 3.35, mara 2.73 unapata 9.15. Ya Camaro ni 2.66, mara 3.42 unapata 9.10. Zinachomoka kwa uwiano karibu uleule. Gia ya mwisho ya Mustang ni 0.68 mara 2.73, yaani 1.86. Ya Camaro ni 0.50 mara 3.42, yaani 1.71. Tairi za magari haya zina kipenyo cha karibu sentimita 65, kwa hiyo kwenye kilomita 110 kwa saa injini ya Mustang inazunguka kama mara 1,660 kwa dakika, na ya Camaro kama 1,530. Lenye namba kubwa ya difu ndilo linalosafiri kwa utulivu zaidi. Nikimwonyesha mtu hesabu hii, hunyamaza kidogo, kisha huuliza kwa nini hakuwahi kuambiwa.

Kuhusu mafuta, difu haibadilishi nguvu inayohitajika kulisukuma gari kwenye upepo kwa kilomita 110. Inabadilisha mizunguko ambayo injini itatumia kuitoa nguvu hiyo. V8 ya lita 5 ikizunguka taratibu, kilango cha hewa kinabidi kifunguke zaidi, na injini ya petroli haipendi kuvuta hewa kupitia tundu jembamba. Kwenye tundu hilo jembamba ndiko nguvu inapotea bure. Ikizunguka haraka kwa kazi ileile, kilango kinajibana na msuguano unaongezeka. Mustang yetu ikiwekwa 3.73 na kubaki na gia ya tano ya 0.68 itapanda kutoka 1,660 hadi kama 2,270 kwenye 110. Itaongeza mafuta safarini, hilo ni kweli. Mjini, kwenye foleni na taa, tofauti ni ndogo, na mara nyingi inatokana na mguu wa dereva kuliko meno. Nako kurefusha gia kuna mwisho wake: injini iliyowekwa kamshafti kali, inayofungua vali kwa muda mrefu zaidi, haina pumzi kwenye mizunguko ya chini, itatetemeka, na dereva atarudi gia ya nne.

Wapo pia wanaoapa kwamba walifupisha difu na matumizi ya mafuta yakashuka. Kabla ya kubishana nao, uliza kama walibadilisha kigia cha spidomita. Kwenye Mustang hizo spidomita inaendeshwa na kigia kidogo cha plastiki kilichochomekwa nyuma ya giaboksi, kabla ya difu. Hakijui kama meno yamebadilishwa. Ukiweka 3.73 bila kukigusa, ukiwa kwenye 80 halisi mshale unasoma 109, na kila kilomita 100 zinaandikwa 137. Gari lililochoma lita 13 kwa kilomita 100 za kweli litaonekana kwenye karatasi limechoma lita 9.5. Mwenye gari hadanganyi, anasoma kilichoandikwa.

Hii inamhusu sana anayenunua gari lililotumika. Ekseli ya Ford ya inchi 8.8 huwa na kibati kidogo kilichofungwa kwenye boliti moja ya kifuniko cha nyuma. Kikiandikwa 2L73, soma 2.73, na hiyo L ya katikati inakwambia kuna Traction-Lok. Lakini kibati hakibadiliki meno yakibadilishwa, na magari mengi ya namna hii yameshapita kwa fundi. Kingia matairi ya mbele mawe, pandisha ya nyuma yote mawili, weka stendi, gia iwe fri. Chora alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi. Kama kuna Traction-Lok inayofanya kazi, matairi yatazunguka pamoja: zungusha mzunguko mmoja na uhesabu propela. Kama difu ni ya kawaida, mwenzako ashike tairi moja lisisogee, nawe uzungushe lingine mara mbili kamili, kwa sababu vile vigia vya ndani vinalipa tairi lililo huru mzunguko wa mwenzake. Propela ikienda karibu mara tatu na robo tatu, una 3.73, kibati kiseme kinachosema.

Na anayebadilisha meno asimpe kazi fundi wa kubahatisha. Pinioni inapangwa kina chake kwa shimu, vile vipande vyembamba vya chuma, kisha meno ya kraun yanapakwa rangi ya kupimia, yanazungushwa, na fundi anasoma doa lilipogusa. Doa likikaa ukingoni, difu italia. Italia kwenye mwendo uleule kila siku, na oili namba 90 mpya haitaitibu.

Anayetaka gari lichomoke na bado lisafiri kwa mafuta ya kiasi, jibu lake mara nyingi liko kwenye giaboksi na difu kwa pamoja. Kuna T-5 ya aina ya Z, yenye gia ya kwanza ya 2.95 na ya tano ya 0.63. Ikifungwa na difu ya 3.55, mwanzo unakuwa 10.47, mfupi kuliko wa kiwandani, na kwenye 110 injini inazunguka kama mara 2,000.

Kwa hiyo ndugu anayesema "nimeweka difu kubwa" hana haja ya kufuta kauli yake, aikamilishe tu. Aseme: difu 3.55, gia ya mwisho 0.63, tairi za sentimita 65, spidomita imesahihishwa. Hapo tunaweza kuzungumza kuhusu mafuta.