Suzuki Escudo ya Lita 2.0 kwa Barabara za Dodoma: Inamfaa Nani?

Kazi yangu ni kukagua magari yaliyotumika kabla mnunuzi hajatoa fedha yake. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, ninaulizwa zaidi kuhusu gari dogo la juu, la bei ya kati, linaloweza kwenda ofisini Mtumba siku za kazi na kufika shamba la zabibu Hombolo siku ya Jumamosi. Mara nyingi muulizaji amekwisha kuiona Suzuki Escudo mahali fulani, amependa umbo lake, na anataka nimwambie ndiyo au hapana. Jibu langu hutegemea umbali anaotembea nje ya lami, kwa sababu katika gari hili kile kinachomnufaisha mtu wa vijijini ndicho kinachomgharimu mtu wa mjini.

Ninazungumzia Escudo ya kizazi cha tatu, iliyotoka mwaka 2005, yenye milango mitano na injini ya J20A ya cc 1,995, ambayo namba yake ya chesisi huanza na TD54W. Ukubwa huo wa injini una maana kwa anayeagiza kutoka Japani, kwa kuwa ushuru wa bidhaa kwa gari la cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, na likivuka hapo ni asilimia 10. Escudo ya lita 2.4 iliyofuata mwaka 2008 inaangukia kundi hilo la pili. Hata hivyo, Escudo hizi za lita 2.0 zote zimezidi miaka 10 na zinabeba pia ushuru wa uchakavu, hivyo wateja wangu wengi hununua lile lililokwisha kusajiliwa nchini.

Sifa yake kuu iko chini ya bodi. Injini imelazwa kwa urefu, nguvu inapita kwenye giaboksi hadi difu ya kati, na kutoka hapo inagawanywa kwa matairi yote manne muda wote. RAV4 ile tunayoiita Kill Time na Nissan X-Trail ya kwanza zimewekewa injini kwa upana, na hata zikiwa na fo-wili hazina gia nzito ya chini. Escudo inayo. Kitufe kwenye dashibodi kina hatua nne: 4H ya safari ya kawaida, 4H Lock inayofunga difu ya kati, 4L Lock inayoongeza gia nzito, na N, yaani nyutro. Mtu asiyewahi kuvuka korongo la mchanga njia ya Gulwe, au kupita mbuga ya Bahi mwezi wa pili tope likiwa limelainika, anaweza kudhani kitufe hicho ni pambo. Mteja wangu mmoja, afisa ugani anayehudumia vijiji vya Bahi, alikwama mara tatu katika msimu mmoja akiwa na gari alilokuwa nalo kabla ya hili. Kwa Escudo anaingia korongoni akiwa tayari kwenye 4L Lock, anakwenda polepole bila kukanyaga mafuta kwa nguvu, na matairi hayapati nafasi ya kujichimbia. Urefu wa milimita 200 kutoka ardhini nao unamsaidia, ingawa si mkubwa kupita wa wenzake.

Uzito wa mitambo hiyo yote hulipwa kwenye kituo cha mafuta. Katika magari ninayoyahudumia, lita moja hutoa kilomita 8 au 9 mjini, na 10 hadi 11 kwenye safari ya Morogoro kwa dereva mtulivu. Giaboksi ya otomatiki ina gia nne tu, hivyo injini hupiga kelele inapopandisha mlima au kulipita lori. Buti ni dogo, na mlango wa nyuma uliobeba tairi la akiba hulegea bawaba baada ya miaka kwenye barabara za changarawe.

Ninaloliogopa zaidi ni uzembe wa oili. J20A inatumia cheni ya taimingi, na wamiliki wengi huambiwa kwamba cheni haibadilishwi, jambo ambalo ni kweli kwa injini iliyobadilishiwa oili kwa wakati. Oili ikichakaa, kikaza cheni hulegea. Ndiyo maana huomba kuliona gari alfajiri kabla halijawashwa, hasa mwezi wa saba baridi ya Dodoma inapokuwa imekaza: likiwashwa nikasikia mlio wa kukwaruza kwa sekunde kadhaa upande wa mbele wa injini, ninamshauri mnunuzi apunguziwe bei au aache. Kisha hufungua rejeta. Maji ya kwetu yana chumvichumvi, na injini hii ina bloku ya aluminiamu, hivyo aliyejaza maji ya bomba miaka mitano badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, amekuwa akiila injini yake taratibu. Bushi za mkono wa chini wa mbele huisha haraka. Hilo halinitishi, kwani spea zake zinapatikana na kazi ni ya nusu siku.

Liko kosa moja ninaloliona kila mwezi na linaniuma, nalo ni kununua matairi mawili mapya ya saizi tofauti na yaliyobaki. Gari linaloendesha matairi manne muda wote halivumilii jambo hilo, kwa sababu difu ya kati hulazimika kufanya kazi hata kwenye barabara iliyonyooka. Vivyo hivyo kuacha 4H Lock kwenye lami kavu.

Wiki iliyopita mtumishi mmoja anayeishi Nzuguni na kufanya kazi Mtumba aliniletea Escudo safi kabisa, injini kimya, rejeta safi, matairi ya saizi moja. Nilimuuliza mara ya mwisho alitoka kwenye lami lini, hakukumbuka. Nilimshauri atafute RAV4 ya cc 1,800 ya tairi mbili, na namba ya muuzaji wa Escudo ile nikampa mwalimu anayefundisha vijijini Mpwapwa.