Je, kukata majani kwa kujitegemea hulipa kuliko kuajiriwa?

Wengi hapa Tanga huamini kwamba mkata majani wa kampuni kubwa hupunjwa, na kwamba akinunua mashine yake, pesa yote ya mteja itakuwa yake. Imani hiyo ina msingi: kampuni hutoza zaidi ya inavyomlipa mkataji.

Ila pesa ya mteja si faida. Humo mna petroli, oili ya kuchanganya na petroli, uzi wa nailoni unaokata majani, vipuri, nauli ya kubebea mashine hadi mtaa kama Raskazone. Tena kuna msimu, jambo linalosahaulika mno. Masika, Machi hadi Mei, majani hukua mbio. Januari na Februari yanadumaa, na simu za wateja hupungua. Mwajiriwa rasmi hulipwa hata miezi hiyo, ana likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mwajiri humchangia pensheni angalau asilimia 10 ya mshahara. Kibarua wa kutwa mara nyingi hayapati hayo, hivyo mkataba usomwe kwanza.

Kujiajiri kunaweza kulipa vizuri, hasa ukipata wateja wa kila mwezi. Kabla ya kuamua, andika daftarini mapato na matumizi ya masika na ya kiangazi, toa gharama, kisha gawanya kwa saa zote, za kutafuta wateja zikiwemo, ulinganishe na malipo ya saa ya mwajiriwa.