Shoti ya umeme ukiwa umelowa: maswali na majibu

Ni kweli maji hupitisha umeme?
Maji matupu kabisa hupitisha kidogo mno. Kinachobeba umeme ni ioni, chembe zenye chaji zinazotokana na chumvi na madini yaliyoyeyuka. Sukari huyeyuka pia, lakini haitoi ioni. Maji ya bahari hupitisha umeme karibu mara milioni moja zaidi ya maji yaliyoondolewa madini yote.

Basi maji safi ya kunywa hayana hatari?
Yana hatari. Maji ya bomba na ya kisima yana madini, na jasho la mkononi huongeza chumvi papo hapo. Ngozi kavu inaweza kuwa na ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia umeme, wa omu 100,000. Ikilowa, hushuka hadi karibu omu 1,000. Kwa volti 230 za umeme wa nyumbani, umeme unaopita mwilini ni miliampea 230, na hata chini ya nusu ya hapo moyo unaweza kuvurugika. Tafadhali, kausha mikono ndipo uguse swichi. Kupangusa kiganja kwenye nguo yenye unyevu si kukausha.

Nimepigwa shoti, nina alama ndogo tu kidoleni. Nisubiri nione?
Usisubiri. Chini ya ngozi mwili umejaa maji ya chumvi. Umeme ukishavuka ngozi hupita humo kwa wepesi, ukaunguza misuli na kuvuruga moyo. Ukiwa umelowa, ngozi haiuzuii, hivyo huenda usibaki na alama yoyote. Udogo wa alama hauonyeshi kilichotokea ndani.

Lakini najisikia mzima.
Nenda hospitali hata hivyo, leo. Moyo unapimwa kwa mashine, haupimwi kwa kujisikia. Hapa hospitalini tunapokea watu waliokaa nyumbani wakipaka dawa ya meno kwenye kidonda, wakaja pale mkojo ulipogeuka kahawia. Rangi hiyo inatoka kwenye misuli iliyoharibika, na figo ndizo zinazoumia. Wangekuja siku ileile, tungewahi kuwaongezea maji kwa dripu. Nenda leo.

Nikimkuta mtu ameng'ang'aniwa na umeme?
Zima swichi kuu kwanza. Usimguse kabla ya hapo, wala usikanyage maji aliyomo. Na usimmwagie maji kamwe! Umeme ukishakatika, kama hapumui, ita msaada na umgandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Akizinduka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali vilevile.