Mkundaji ni samaki gani, na zile ndevu ni za nini?

Ukisimama soko la samaki Mji wa Kale, Mombasa, asubuhi, kwenye fungu la mchanganyiko hukosi kuona mmoja mwenye ndevu mbili chini ya kidevu. Huyo ndo mkundaji. Wengi wanamnunua juu ya nyama yake nyeupe laini na hawaulizi zile ndevu ni za nini, na mimi naona utamu wenyewe uko hapo, manake ukizielewa ndevu umemwelewa samaki mzima.

Mkundaji ni samaki wa chini, na kwanza hili neno tulielewe. Si lazima awe amelala chini kama taa ama gayogayo. Ni samaki ambaye riziki yake iko sakafuni mwa bahari, si kama nguru na jodari ambao wanakimbia maji ya juu na mchanga hawana habari nao. Mkundaji anaogelea kawaida tu lakini kutwa ameinama, kwenye mchanga na nyasi za bahari pembeni ya mwamba.

Sasa ndevu. Zile si nywele, ni nyama, na zinaonja kama ulimi, kwa hio akizishusha akaanza kupapasa mchanga anagusa na kuonja saa ile ile, akihisi kuna mnyoo ama kaa mdogo ama kamba amejifukia huko anachakura vile kuku anachakura uani, mchanga unatimka, na samaki wengine wa mwambani wanamfuata nyuma kuokota vinavyomponyoka. Akiwa na safari zake anazikunja zinalala kwenye kimfereji chini ya kidevu hata huzioni. Wazungu wanamwita samaki mbuzi kwa ajili ya hizo hizo ndevu.

Jamii yao ni Mullidae na wako wengi. Yule mwenye mstari mweusi unaopita kwenye jicho, na doa jeusi karibu na mkia, ni Parupeneus barberinus, mtaalamu wa viumbe Mfaransa, Lacepède, alimwandika kisayansi 1801, na anaweza kufika sentimita 60 ingawa wengi hawafiki hapo. Lakini ninayempenda zaidi ni Parupeneus cyclostomus, huyu anakula samaki wadogo, ndevu zake ndefu anazipenyeza kwenye matundu ya matumbawe awafurushe, na huko Bahari ya Shamu watafiti wamewaona wakiwinda kwa kundi, mmoja anakimbiza wengine wanazunguka kuziba njia. Kwa samaki hilo si jambo dogo kabisa.

Rangi isikuchanganye, wengine mchana weupe, usiku wakipumzika wanatoka mabaka mekundu. Na watoto hawaanzii chini, mayai yanaelea, vifaranga vinakulia maji ya wazi, baadae ndo wanashuka.

Ukitaka kumwona hai, maji yakikupwa nenda na miwani ya kuzamia ndani ya mwamba pale Nyali ama Bamburi, utafute penye mchanga unatimka.